Maswali na Majibu: Chumvi, Barafu na Barabara za Nchi za Baridi

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mwanangu yuko Toronto, Kanada. Mchana anasoma, na msimu wa baridi unapofika hufanya kazi ya usiku na watu wanaosafisha theluji kwenye maegesho ya magari. Ananiambia kuwa siku nyengine chumvi wanayoimwaga huyeyusha barafu mara moja, na siku nyengine hukaa juu ya barafu vile vile mpaka asubuhi, na msimamizi wao huwaamrisha waongeze. Usiku mmoja walimaliza mifuko yote na watu wakateleza bado. Lililonitatiza zaidi ni kwamba kaka yangu ni mvuvi, na yeye hutia chumvi kwenye barafu ya samaki ili ubaridi uzidi. Vipi chumvi hiyo hiyo huku ilete baridi na kule iondoe barafu? Na nimwambie nini mwanangu? – Mama wa Chake Chake, Pemba

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama. Tuanze na sanduku la barafu ya samaki la kaka yako, kwani ukilifahamu hilo, mambo ya Toronto yatakuwa mepesi.

Maji matupu huganda kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi. Maji yenye chumvi huganda chini ya hapo, na kadiri chumvi inavyozidi ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka: maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, huganda karibu na nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na maji yenye chumvi asilimia 23.3 hayagandi mpaka yafike nyuzi 21 chini ya sifuri. Chumvi ikiangukia barafu huyeyuka katika utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu hiyo. Maji hayo, yakishakuwa ya chumvi, hayawezi tena kuganda kwa baridi iliyopo, bali huila barafu iliyo jirani nayo. Lakini barafu haigeuki maji bure. Kila kilo inayoyeyuka inahitaji takriban kilojuli 334 za joto, na joto hilo halina budi litoke mahali. Katika sanduku la kaka yako linatoka kwa samaki na kwenye barafu yenyewe, na ndiyo sababu ubaridi unashuka chini ya sifuri. Akitazama vizuri ataona pia kuwa barafu aliyoitia chumvi inakwisha mapema kuliko ile isiyotiwa. Barabarani joto hilo linatoka kwenye lami, kwenye ardhi iliyo chini yake, kwenye jua na kwenye matairi yanayopita. Kaka yako na mwanao wanafanya jambo moja, ila mmoja anatafuta ubaridi na mwengine anatafuta maji.

Sasa, huo utando wa maji ndio unaoamua kazi nzima. Chumvi kavu haiyeyushi barafu. Kinachoyeyusha ni maji ya chumvi. Barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri huwa na unyevu juu yake, na chembe ya chumvi ikidondoka hupata maji papo hapo. Barafu iliyo kwenye nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri karibu ni kavu, na chembe hukaa ikisubiri maji ambayo hayapo. Hata ikianza kufanya kazi, nguvu yake imeshapungua sana. Kilo moja ya chumvi, kwa baridi ya nyuzi 1 chini ya sifuri, inaweza kuyeyusha takriban kilo 46 za barafu. Kwa nyuzi 7 inayeyusha kilo 8 na nusu hivi. Kwa nyuzi 12, karibu kilo 5. Na kwa nyuzi 18, haifiki kilo 4. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, chumvi ikipewa muda wote inaoutaka, na katika baridi kali muda huo ni wa saa nyingi. Kwa hiyo wenye kazi zao huihesabu chumvi ya kawaida kuwa imefika ukingoni mwa uwezo wake lami inaposhuka kwenye nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, ingawa vitabu vinataja nyuzi 21.

Msimamizi anayeamrisha chumvi iongezwe juu ya chumvi ambayo haijayeyuka, kwa maoni yetu, anatupa fedha za mwenye maegesho. Kilichokosekana usiku ule ni maji na joto, na hivyo viwili havimo ndani ya mfuko wa chumvi. Tena kuzidisha nako kuna mpaka wake. Maji ya chumvi yakishavuka asilimia 23.3, kiwango chake cha kuganda hakiendelei kushuka bali hugeuka kikapanda, na maji yaliyoshiba chumvi kwa asilimia 26 huanza kutoa fuwele, yaani chembe ngumu, karibu na nyuzi sifuri.

Basi mwanao afanye nini? Kwanza kabisa, asukume na kukwangua theluji yote inayoweza kuondoka kwa sepetu na kwa gari, kisha ndipo afikirie chumvi. Watu wengi hufanya kinyume: huimwaga juu ya theluji nene wakitaraji itoboe mpaka chini, na matokeo yake chumvi inamalizwa na theluji ambayo mkono ungeiondoa bure. Chumvi ni ya ule utando mwembamba ulioshikana na lami, ambao sepetu haiwezi kuubandua.

La pili, apime baridi ya lami, wala asitegemee baridi ya hewa inayosomwa kwenye simu. Hewa inaweza kuwa nyuzi 2 juu ya sifuri na lami ikawa nyuzi 4 chini, hasa alfajiri baada ya usiku usio na mawingu. Na mchana jua likipiga, hali hubadilika ikawa kinyume. Madaraja huganda kabla ya barabara nyengine kwa sababu yanapigwa na upepo juu na chini na hayana ardhi ya kuyapa joto. Vipo vipimajoto vya mkononi vinavyoelekezwa chini bila kugusa, vya jamii ya vile tulivyoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa corona, ila hivi ni vya kupimia vitu. Kikosi kizima kinaweza kutumia kimoja, na bei yake hurudi upesi katika chumvi iliyookolewa.

La tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, nalo ni kuipa chumvi maji yake kabla ya kuihitaji. Njia ya kwanza ni kutengeneza maji ya chumvi ya asilimia 23.3, yaani takriban gramu 300 za chumvi kwa kila lita moja ya maji, na kuyanyunyiza kwenye lami kavu saa kadhaa kabla ya theluji kuanguka. Wenye matangi makubwa huhakikisha kipimo kwa kuchovya haidromita, yaani kipimo cha uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu, ambayo husoma karibu 1.18 maji yakiwa sawa. Maji yale hukauka yakaacha mistari myeupe barabarani, na theluji ikija, inakuta chini pameshawekwa kitu kinachoizuia isishikane na lami. Kuzuia barafu isishike kunahitaji chumvi chache sana kuliko kuibandua ikishashika. Njia hii ina adabu zake: ikiwa utabiri unasema mvua itatangulia theluji, asinyunyize, kwa kuwa mvua itaosha kazi yote ikaingia mtaroni.

Njia ya pili ni kuilowesha chumvi kavu inapotoka kwenye gari. Ujerumani na nchi jirani zake hutumia sana mchanganyiko wenye sehemu 70 za chumvi kavu kwa sehemu 30 za maji ya chumvi, kwa uzito. Chumvi iliyoloweshwa huanza kazi mara moja, na vilevile haidundi. Jambo la kudunda huonekana dogo, lakini ukisimama nyuma ya gari linalomwaga chumvi kavu kwa kasi utaona chembe zikigonga lami, zikiruka na kukimbilia pembezoni, na gari linalofuata likipeperusha nyengine. Sehemu kubwa ya shehena hupotea namna hiyo kwenye majani na mitaro. Dereva akipunguza mwendo na chumvi ikiwa na unyevu, nyingi hubaki pale palipokusudiwa. Kwa mwanao ambaye huenda anatumia ndoo na mkono, kuinyunyizia maji ya chumvi kabla ya kuimwaga kutampa sehemu ya faida hiyo hiyo.

Baridi ikizidi uwezo wa chumvi ya kawaida, zipo chumvi za jamaa yake. Kloridi ya magnesiamu katika kipimo chake bora haigandi mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri, na kloridi ya kalisiamu hufika karibu nyuzi 50. Kloridi ya kalisiamu ina sifa mbili zaidi ambazo chumvi ya jikoni haina: huvuta unyevu wa hewani yenyewe, kwa hiyo haisubiri utando wa maji, na inapoyeyuka hutoa joto badala ya kulivuta. Kasoro yake ni bei, na kwamba huacha lami na vyuma vikiwa na unyevu kwa muda mrefu. Ndiyo maana wengi hawaimwagi peke yake, bali huitumia kulowesha chumvi ya kawaida usiku wa baridi kali. Wengine huchanganya molasi, ambayo watu wa Mahonda wanaijua vizuri kutokana na kiwanda cha sukari, au mabaki ya viazisukari. Vitu hivi vyenye sukari huifanya chumvi inate kwenye lami isipeperuke, hushusha kidogo kiwango cha kuganda na hupunguza kasi ya kutu, lakini hunuka, na vikiingia mtoni kwa wingi bakteria huvila na kumaliza oksijeni ya samaki. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kuna mahali walipofikia hata kutumia maji ya chumvi yaliyobaki katika kutengeneza jibini.

Kuhusu kiasi, kipimo kinachofundishwa sana Marekani ni kuwa kikombe kimoja cha kahawa, yaani gramu 340 hivi, hutosha njia ya kuingizia gari yenye urefu wa mita 6, na chembe ziachane kwa sentimita 7 au 8. Akiona chumvi imebaki lami ikishakauka, ajue ilizidi, na aifagie aitumie tena.

Na ukija usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, wenye upepo na theluji kavu inayopeperuka? Hapo asimwage chumvi kabisa. Theluji ya namna hiyo hupita juu ya lami kavu bila kushika, na chumvi ikiilowesha lami, theluji inayopita hunasa na kuganda, mtu akawa amejitengenezea barafu kwa mikono yake. Amwage mchanga au kokoto ndogo mahali watu wanapopita. Mchanga hauyeyushi kitu lakini unampa mtu pa kukanyaga, na Helsinki wamezoea kutembea juu ya vipande vya mawe majira yote ya baridi. Asichanganye nusu mchanga na nusu chumvi, kwa maana mmoja unatakiwa ubaki juu ya barafu na mwengine unatakiwa uingie ndani, na mara nyingi hukosekana vyote viwili.

Kuibania chumvi namna hii si kwa ajili ya fedha tu. Marekani peke yake humwaga takriban tani milioni 20 kwa mwaka, na kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, ikishaingia kwenye ziwa au kisima haiozi wala haipotei. Kiwango ambacho mamlaka ya mazingira ya huko inakiona kuwa salama kwa viumbe wa maji baridi kwa muda mrefu ni miligramu 230 za kloridi kwa lita, na kijiko cha chai kilichojaa chumvi ndani ya ndoo ya lita 20 kinakaribia kukifikisha. Sisi ambao visima vyetu huingiwa na maji ya bahari tunajua kuwa maji yakishakolea chumvi hayana dawa rahisi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina majaruba ya chumvi huku Wete. Ninasikia nchi za baridi zinanunua chumvi kwa mamilioni ya tani kwa ajili ya barabara. Sisi tunapata chumvi nyingi yenye rangi na udongo ambayo wanunuzi wa chumvi ya kula wanaikataa. Hatuwezi kuwauzia hao? – Mvuna chumvi, Wete

JIBU: Ndugu yetu, kwa upande wa kemia chumvi yako inafaa bila wasiwasi wowote. Barabara haijali rangi, wala haihitaji madini joto. Uingereza humwaga chumvi ya mawe ya rangi ya kahawia, iliyochanganyika na udongo wa mfinyanzi, inayochimbwa Winsford katika jimbo la Cheshire, na hakuna anayelalamika.

Kwa upande wa biashara, hata hivyo, hatukushauri utie fedha huko. Chumvi ya barabara ni bidhaa ya bei ndogo na uzito mkubwa, na anayeshinda ni mwenye nauli nafuu. Mji wa Goderich, Kanada, una mgodi ulio chini ya Ziwa Huron, kiasi cha mita 550 kwenda chini, ambao ndio mgodi mkubwa wa chumvi wa chini ya ardhi duniani, na meli hupakia hapo hapo ziwani kwenda kwenye miji inayoihitaji. Wapo wanaouza kutoka mbali, kama vile Chile ambayo hupeleka chumvi mpaka pwani ya mashariki ya Marekani, lakini wao wana jangwa lililojaa chumvi karibu na bandari, na hupakia makumi ya maelfu ya tani kwa meli moja. Chumvi inayovunwa kwa jembe na kubebwa kwa viroba haiwezi kushindana hapo.

Kuna jambo moja katika barua yako, hata hivyo, ambalo linafaa uliangalie. Maji ya bahari yanapokauka jarubani, jasi hutangulia kutulia, kisha chumvi ya kula, na mwishoni hubaki maji mazito machungu ambayo kwa kawaida humwagwa. Uchungu wake unatokana kwa sehemu kubwa na magnesiamu, na kloridi ya magnesiamu ndiyo ile ile tuliyomweleza mama wa Chake Chake. Wamarekani huipata kwenye maji yanayokaushwa kutoka Ziwa Kuu la Chumvi la Utah, na nyengine hutoka Bahari ya Chumvi kule Mashariki ya Kati. Hatusemi uanze kuiuza, kwa sababu hesabu ya nauli ni ile ile. Tunasema kwamba ukiiacha chumvi yako ikauke pamoja na maji hayo, magnesiamu hubaki ndani yake, na ndiyo inayoifanya itoe maji ghalani wakati wa masika na kupoteza bei. Yatoe maji machungu kabla hayajakaukia juu ya chumvi, kisha isuuze chumvi kwa maji safi yaliyoshiba chumvi, ambayo huondoa uchungu na sehemu ya udongo bila kuila chumvi yenyewe. Huenda sehemu ya chumvi uliyoiita mbovu ikakubalika sokoni hapa hapa. Maji machungu yenyewe usiyaelekeze kwenye mikoko.

SWALI: Mhariri, nimenunua gari la mtumba kutoka Japani. Juu linang'aa, ila fundi amelala chini yake akaniambia limeliwa na chumvi. Mimi sikuishi naye ufukweni huyu mwenye gari wa kwanza! Chumvi imetoka wapi? – Msomaji wa Mwanakwerekwe, Unguja

JIBU: Fundi wako anajua kazi yake. Kaskazini ya Japani, kama vile Hokkaido, na upande wake wa magharibi kama Niigata, huangukiwa na theluji nyingi sana, na tangu matairi ya misumari yalipozuiliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya vumbi la lami, chumvi za barabarani zimetumika zaidi. Maji ya chumvi hurushwa na matairi yakaingia kwenye viungo vya chesisi, kwenye mabomba ya breki na ndani ya vizingiti vya milango, mahali ambapo mpira wa kuoshea gari haufiki.

Tatizo la kulileta gari hilo Zanzibar ni kuwa chumvi iliyojificha haihitaji mvua ili iamke. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani unyevu unapofika asilimia 75 hivi, na hewa yetu huvuka hapo mara nyingi, hasa usiku na alfajiri. Kloridi ya magnesiamu na ya kalisiamu huanza kwenye asilimia 30 na kitu tu. Gari ambalo kutu yake ilikuwa ikilala miezi mikavu ya Japani hapa halilali mwaka mzima.

Lioshwe chini kwa maji baridi mengi yenye nguvu, na vizingiti viingizwe maji kwenye matundu yake ya kutolea maji, zaidi ya mara moja, kisha likaushwe juani kabla ya kupakwa chochote. Usikubali lipakwe lami nyeusi ya chini juu ya kutu na chumvi, kwani utakuwa umeifungia ndani. Mabomba ya breki yakaguliwe kwanza kuliko yote, na yaliyovimba kutu yabadilishwe kabla hujalipeleka gari popote. Siku nyengine, kabla ya kulipa, omba karatasi ya mnada wa Japani inayoonyesha hali ya gari: herufi S kwenye mchoro wa gari huashiria kutu, na C huashiria kutu iliyokwisha kula chuma. Uliza pia gari lilisajiliwa mkoa gani, na utake picha za chini.